Hotuba ya Kufungua Supamaketi ya Kirari, Tawi la Masaleni

Imetolewa na Mheshimiwa Elisaria, Mwenyekiti wa Kamati ya Uwekezaji ya Kata ya Masaleni, siku ya Ijumaa, mwishoni mwa Novemba, mbele ya uwanja wa lililokuwa soko la ndizi. Imenakiliwa neno kwa neno, pamoja na sauti za wananchi, kama Mheshimiwa mwenyewe alivyoagiza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye, baada ya mgeni rasmi wa kwanza kutuma udhuru na wa pili kuzima simu, nimejiteua kuwa mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uwekezaji, mliopo hapa na mliosaini karatasi ya mahudhurio kisha mkaenda msibani. Baba Paroko, ambaye nimeambiwa yuko njiani. Mchungaji, ambaye nimeambiwa amekwishaondoka. Wazee wetu wa mila, shikamooni. Wazee wetu wasiopenda mila, shikamooni pia. Viongozi wa vyama vyote, vya siasa, vya kahawa, vya maziwa na vya kuzikana. Ndugu mwandishi wa habari, ambaye ameahidi kurudi akipata betri. Wafanyabiashara mliopanda kutoka Mabogini na mchele wenu mkidhani leo kuna soko. Na ninyi akina mama wa ndizi, ambao nimewaweka mwisho si kwa uchache wa umuhimu wenu bali kwa matakwa ya itifaki: mabibi na mabwana, naomba niseme kwamba itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya meza kuu. Wananchi walikuwa bado wanatafuta mahali pa kusimama, kwa kuwa viti vilikuwa kumi na viwili.)

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai, na baada yake, kwa mujibu wa ngazi za utawala, najishukuru mimi, kwa kuwa bila maono, bila ubunifu, bila ile tabia yangu ya kuamka saa kumi na moja alfajiri nikiwaza maendeleo ya watu ambao wakati huo wamelala, tusingekuwa leo mbele ya uzio huu wa mabati, mpya, wa geji ishirini na nane, uliozunguka uwanja mzima bila kuacha hata upenyo wa kuku, kushuhudia ufunguzi wa tawi la saba la Supamaketi ya Kirari, kampuni binafsi, ya kizalendo, yenye matawi sita kutoka Same mpaka Arusha, na ambayo kati ya vilima vyote vya ukanda huu wa kaskazini imechagua cha kwetu.

(Sauti kutoka nyuma: "Iko wapi?")

Swali zuri. Nitalijibu kwenye kipengele cha mwisho.

Ndugu wananchi, hali ilivyokuwa kabla ya uongozi wangu mnaijua. Mwananchi wa Masaleni akitaka sabuni yenye harufu ya tufaha, lazima ashuke hadi Moshi mjini, na kwa kuwa wengi wetu hushuka mjini pale tu tunapompeleka mgonjwa hospitali ya Mawenzi, hiyo harufu ya tufaha tumeizoea ikiwa imechanganyika na harufu ya dawa. Je, hayo ni maisha? Nauliza tena, je, hayo ni maisha? (Mzee mmoja: "Ndiyo.") Kwa hiyo Kamati yangu ilifanya fizibiliti, ikaandaa konsepti, ikaipeleka konsepti kwenye masta plani, na masta plani ikaonyesha kwamba eneo pekee katika kata hii lililo tambarare, lenye barabara, maji na wateja ni hapa hapa, ambapo bahati mbaya palikuwa na soko.

(Minong'ono upande wa akina mama.)

Tulishirikisha wananchi. Nasema hivi kwa sababu kuna maneno ya chini chini kwamba hatukushirikisha. Tulihoji watu saba, na waliounga mkono walikuwa asilimia mia moja na kumi na nne, kwa maana kwamba wote saba waliunga mkono na mmoja wao akarudi kuunga mkono tena baada ya kusikia kuna soda. Takwimu hizo zipo ofisini, zimefungwa kwenye faili, na faili limefungwa kabatini, na ufunguo upo kwangu, kwa uwazi kabisa.

Mradi huu, mabibi na mabwana, ni wa ghorofa tatu. (Makofi ya meza kuu.) Ghorofa ya kwanza ni vyakula, ya pili ni nguo na vyombo, ya tatu ni mgahawa wenye vioo, ambapo mtu atakula machalari ya ndizi huku akiuangalia mlima ambao nyumbani kwake anauona bure. Kutakuwa na ngazi ya umeme, ambayo itakuwa ya kupanda tu, kwa kuwa wataalamu wamebaini kwamba katika kata yetu kushuka hakuhitaji umeme. Kutakuwa na paking ya magari themanini, tukizingatia kwamba mwezi wa Desemba ndugu zetu wa Dar es Salaam wanarudi nyumbani na magari yao, na tumechoka kuwaona wakiyaegesha kwenye migomba ya mama zao. Kutakuwa na ajira mia nne na ishirini za moja kwa moja, na elfu mbili za kuzungukazunguka, na kati ya hizo ajira mbili zimekwishapatikana, ya mlinzi wa uzio na ya msimamizi wa mlinzi wa uzio, na ni bahati njema tu kwamba wote wawili ni watoto wa dada yangu. Makofi kwao! Karani, andika makofi marefu.

(Makofi marefu.)

(Hapa Bibi Margareta, muuza ndizi, ambaye wenzake walimpisha mpaka mbele kwa sababu ya umri wake, aliinua mkono. Alikuwa amevaa kanga mbili na koti la mvua. Hakungoja kuruhusiwa. "Elisaria mwanangu, shikamoo yangu hujanipa." Mheshimiwa akasema shikamoo Bibi. "Marahaba. Sisi shida yetu ni ndogo. Miezi mitano umetufukuza hapa, tunauzia kule chini kwenye kona, ubavuni mwa mtaro. Malori yanatumwagia matope. Wiki mbili zijazo watu wa Dar wanaanza kupanda, na hilo ndilo soko letu la mwaka. Turudishie uwanja kabla hawajafika. Duka lako lijenge Januari.")

Bibi Margareta, hoja yako nimeipokea, nimeielewa, na naomba ieleweke kwamba kuipokea si kuikubali. Serikali ya kata haikuwafukuza. Iliwahamishia kwa muda katika eneo mbadala lenye mandhari ya mtaro. Na nani amesema kwamba mmeachwa nje? Ninyi ndio ekosistimu ya mradi huu! Mtakuwa masaplaya! Supamaketi itanunua ndizi zenu moja kwa moja, bila dalali, kwa masharti mepesi kabisa ambayo nimeyaandika mwenyewe: ndizi iwe imeoshwa, isiwe na doa, iwe na urefu wa sentimita kumi na nane, iwe na stika, na isiwe imepinda.

("Isipinde?" alisema Bibi Margareta. "Ndizi?")

Kwa kiasi, Bibi. Kwa kiasi.

(Kicheko kirefu. Mama mmoja alilazimika kukaa chini. Mama Aikande, anayeuza mayai na ndizi, akapaza sauti: "Mheshimiwa, na kuku nao watage mayai ya mraba ili yapangike vizuri?")

Cheka, Mama Aikande, cheka. Hata reli ilipoletwa Moshi kuna watu walicheka. Na ili kuwaonyesha kwamba sisi hatusemi tu, sisi tunatenda, leo nimekuja na mali ya kwanza ya mradi, kifaa cha kisasa ambacho kwacho mama wa Masaleni hatabeba tena mkungu kichwani. Vijana, ondoeni kitambaa!

(Kitambaa kikaondolewa. Lilikuwa toroli moja la supamaketi, la chuma, lenye magurudumu manne.)

Tazameni! Hili mnalisukuma kwa kidole kimoja. Mlinzi, lisukume waone. Kwa kidole kimoja tu. Naam. Mnaona lilivyo jepesi? Mnaona linavyokwenda lenyewe? Sasa lizuie. Lizuie. Mshike! Mshike huyo, jamani, barabara! Pisheni barabara!

(Toroli liliteremka kwa kasi likielekea kona ya chini. Waliokuwa barabarani walipisha. Halikugeuka kwenye kona. Liliingia kwenye mikungu ya ndizi za mchare iliyokuwa imepangwa kando ya mtaro, likaipeleka mtaroni mikungu minne, na lenyewe likafuata.)

Ndugu wananchi, mmejionea uwezo wake.

("Ni mikungu yangu ile," alisema Bibi Margareta, bila kupandisha sauti. "Umeona sasa? Leo ni toroli, halina mtu. Desemba ni gari la mtu wa Dar, amekunywa. Mwezi wa nane mwenzetu Zita alivunjika mguu pale pale.")

Suala la Zita tunalishughulikia katika ngazi husika. Karani, hilo la Zita usiliandike. Tuendelee.

Sasa wapo watu, na nawajua kwa majina, na nawajua mpaka vihamba vyao, mashamba ya ukoo, vilipopakana, ambao wamekuwa wakipita kwenye vilabu vya mbege wakiuliza: mkataba uko wapi? Elisaria ana karatasi gani kutoka kwa Kirari? Leo nitawajibu hadharani, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mwezi wa sita, Jumamosi moja, lilifika hapa sokoni pikapu jeupe lenye nembo ya Supamaketi ya Kirari mlangoni. Akashuka Bwana Primus. Mtu nadhifu. Viatu vyake vilikuwa na soli nzima. Akasimama pale, akaangalia uwanja kushoto, akaangalia kulia, akauliza bei za vitu, akaandika kwenye kijitabu, na mimi nikajua kwamba mwenye macho ya namna ile ni mwekezaji. Nikamkaribisha nyumbani. Nikachinja mbuzi. Na mbele ya baba zangu wadogo wawili, ambao ndio hao wamekaa meza kuu, nikamkatia kidari, nyama ya heshima, nyama ambayo katika ukoo wetu haipewi mtu wa kupita; akakipokea kwa mikono miwili, akakila mpaka kwenye mfupa. Akawa anashushia na mbege, kwenye kata ya kibuyu ile ile aliyoinywea baba yangu mdogo. Ndipo nikamwuliza, mbele ya mashahidi hao: Bwana Primus, je, Kirari mtatujengea hapa? Na Bwana Primus akatikisa kichwa, hivi, juu na chini, mara mbili.

(Sauti: "Akasema nini?")

Hakusema, kwa kuwa mtu mwenye malezi hasemi na chakula mdomoni. Lakini ninyi ni watu wa mlima huu. Mnajua. Mashamba yamegawanywa hapa kwa mbege, mabinti wameposwa kwa mbege, damu imesamehewa kwa mbege, halafu leo mnadai muhuri? Mtu amekula kidari changu! Wakili gani anaweza kuandika mkataba mzito kuliko kidari? Jumatatu yake nikaleta mabati.

(Wazee wa meza kuu waliitikia kwa vichwa. Bibi Margareta akasema: "Kidari unampa mkweo au mtu wa ukoo wako, Elisaria, anayejua amepewa nini. Huyo mgeni ulimweleza?")

Haikuwa na haja ya kumweleza. Nyama ile inajieleza yenyewe.

(Mama Aikande: "Lakini Mheshimiwa, yule Primus mbona ni mteja wangu? Anakuja Ijumaa, kila baada ya wiki mbili, kuchukua...")

Mama Aikande, tafadhali, muda wa maswali haupo kwenye ratiba! Na kwa kuwa mmekosa imani, nimeamua kuwaziba midomo kwa ushahidi unaotembea. Nilimpigia simu juzi nikamwambia, Bwana Primus, Ijumaa usikose, akaniambia, siwezi kukosa, Ijumaa ndiyo siku yangu. Mmesikia? Siku yake! Na kama macho yangu hayanidanganyi, lile linalopanda pale ni pikapu jeupe. Simameni! Wote simameni! Vigelegele, akina mama!

(Wananchi walikuwa wamesimama tangu mwanzo. Kigelegele kimoja. Pikapu likasimama kando ya jukwaa. Bwana Primus akashuka, akavua kofia, akasema, "Shikamooni wazee wangu. Jamani, kumbe kuna shughuli. Nani anaoa?")

(Kicheko. Mheshimiwa akampa kipaza sauti na kumwomba awaeleze wananchi ukubwa wa mradi. "Mradi gani, Mheshimiwa?" alisema Bwana Primus. "Mimi nimefuata mayai ya Mama Aikande. Trei kumi na tano." Mheshimiwa akamwambia, "Bwana Primus, ulikula kidari." Akajibu, "Nilikula, nashukuru sana, kilikuwa kitamu. Nilirudi na kilo mbili za sukari kutoa asante, nikaambiwa umesafiri." Mheshimiwa akasema, "Nilikuuliza kama Kirari mtatujengea, ukatikisa kichwa!" Bwana Primus akasema, "Ah. Nilikuwa na mfupa mdomoni, Mheshimiwa, na wazee walikuwa wanaimba. Nilidhani unauliza kama niongezwe.")

(Bibi Margareta akamwuliza, "Mwanangu, nijibu mimi. Kampuni yenu inajenga hapa, au haijengi?" Bwana Primus akauangalia uzio, akawaangalia akina mama, akarudisha kofia kichwani. "Bibi, mimi ni mnunuzi wa mayai. Sijawahi kuonana na mwenye kampuni. Lakini ofisini hakuna anayejua jina la Masaleni. Kwenye risiti zangu huwa naandika 'mlimani'." Akamrudishia Mheshimiwa kipaza sauti.)

Ahsante. Ahsante sana, Bwana Primus, kwa taarifa hiyo ya kitaalamu.

Ndugu wananchi, kiongozi bora ni yule anayesoma alama za nyakati. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyonayo, napenda kutamka rasmi kwamba mradi huu umekamilika kwa asilimia sifuri, ambayo ni rekodi, kwa kuwa miradi mingi nchini hukwama katikati, ikaacha nguzo na nondo zinazokatisha tamaa, lakini wa kwetu haukuacha hata tofali moja la kusikitikia. Hakuna ufa. Hakuna ukuta ulioinama. Mkaguzi yeyote na aje, hatakuta kasoro, kwa sababu hatakuta kitu.

(Sauti ya bati likibanduliwa upande wa barabara. Halafu la pili.)

Naona akina mama wanashughulika na uzio. Hilo nalo lilikuwemo kwenye masta plani, awamu ya pili. Mlinzi, usiwazuie. Mlinzi? Ahaa, naona mlinzi anawashikia misumari. Vizuri, huo ndio ushirikishwaji. Naona wale wa Mabogini wanaingiza magunia ya mchele. Naona ndizi zinapita. Nyingine zimepinda sana, lakini leo nimeruhusu. Tuko pamoja? Nikisema uwekezaji, mnaitikia oyee! Uwekezaji!

("Ndizi mbichi hapa! Mchare, mchare!")

Masaleni mpya!

("Mama, sogeza gunia lako, hiyo ni sehemu ya Zita. Tumwachie mpaka apone.")

Kirari juu!

(Bwana Primus: "Mama Aikande, haya mawili yana ufa.")

Basi, kabla sijahitimisha, naomba nitoe shukrani. Naishukuru Kamati yangu kwa kusimamia kwa miezi mitano jengo ambalo halikuwepo bila kuchoka na bila kuliuliza lolote. Nawashukuru baba zangu wadogo kwa ushahidi wao, ingawa naona wamekwenda kununua ndizi. Nawashukuru wenye Supamaketi ya Kirari, popote walipo, ambao hawakutuahidi chochote na wametimiza. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bibi Margareta, ambaye amesimama hapa chini yangu muda mrefu sasa akiwa na gunia mkononi, na ambaye... Ndiyo, Bibi, nakusikia. Nakuja kwenye sentensi ya mwisho. Unasema?

("Nasema ushuke, mwanangu. Hilo jukwaa umelisimamisha mahali pangu.")

(Mheshimiwa akatazama chini, akatazama wananchi, ambao wengi walikuwa wamempa mgongo wakipatana bei. Akakunja karatasi zake, zilizokuwa zimebaki kurasa tisa. Akashuka. Vijana wanne wakalibeba jukwaa wakaliweka kando, na Bibi Margareta akatandika gunia lake pale pale, akapanga mikungu miwili iliyotolewa mtaroni, ikiwa bado na matope, akakaa. Mheshimiwa alikuwa bado amesimama mbele yake. "Basi chagua mkungu," Bibi alimwambia, "usinizibie wateja.")